Sura ya Nne: Jina la Mama

Neno mzazi lina kazi mbili katika Kiswahili. Mzazi ni baba au mama wa mtu, hata mtu huyo awe na mvi. Mzazi vilevile ni mwanamke aliyejifungua juzi, yule anayekandwa kwa maji ya moto na kupikiwa uji wa pilipili manga. Ndiyo maana kuna wodi ya wazazi, na hakuna baba anayelala humo. Kwa upande wa mama, maana hizo mbili hazikuwahi kugombana. Aliyelala kwenye kitanda cha wodi ile ndiye mama wa mtoto aliye pembeni yake, na hakuna aliyehitaji kuuliza. Baba ndiye aliyekuwa akitiliwa shaka. Mama alionekana.

Mwaka 2014 jijini Nairobi, swali likaulizwa. Mwanamke alijifungua mapacha hospitalini. Hakuwa na udugu wa damu na watoto hao: yai lilikuwa la mwanamke mwingine, mbegu za mume wa mwanamke huyo, na yeye alikubali kuwabebea mimba. Watu hao watatu walikuwa wamepatana tangu mwanzo, na baada ya uzazi hakuna aliyegeuka. Lakini muuguzi ana kazi yake. Mtoto akishapimwa uzito na kufungwa utepe mkononi, inajazwa fomu ya kutangaza kizazi, na fomu hiyo ina mahali pa jina la mama. Mahali pamoja. Pana nafasi ya jina moja tu.

Hospitali haikujua iandike nani, ikauliza ofisi ya serikali inayoshughulikia watoto. Ofisi ikaamuru mapacha wachukuliwe wapelekwe kwenye makao ya watoto. Hebu tulia hapo kidogo. Watoto wa siku chache, wenye mwanamke aliyewazaa akiwa hai na timamu, wenye baba na mama waliowatafuta, wanapelekwa mahali wanapopelekwa watoto waliotupwa. Wote watatu, mbebaji na wale wazazi wawili, walikwenda Mahakama Kuu wakiwa upande mmoja. Katika kumbukumbu za kesi wanatajwa kwa herufi tu, na nitawaacha hivyo. Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba kuwachukua watoto wale kulivunja haki zao, akasema pia kwamba nchi haina sheria ya jambo hili na Bunge linapaswa kuitunga.

Nimeisoma hukumu hiyo mara nyingi kuliko hukumu nyingine yoyote iliyonisaidia kuandika kitabu hiki. Kinachonikaa moyoni ni kwamba hapakuwa na ugomvi. Tumezoea kusikia habari za kubebewa mimba pale watu wanapogombania mtoto. Hapa walipatana, na bado watoto walitolewa mikononi mwao kwa sababu swali la mama liliachwa mpaka siku ya kujaza fomu. Naamini hapo ndipo lilipo kosa: si katika kubebeana mimba kwenyewe, bali katika kungoja mpaka mtoto azaliwe ndipo tuulizane ni wa nani.

Kwanza tuone kinachofanyika, maana maneno ya mitaani yamepotosha mengi. Wapo wanaosema "kukodi tumbo", wapo wanaosema "mama wa kukodi", na wapo wanaodhani mume hulala na mwanamke mwingine. Mimi natumia kubebewa mimba, na huyo anayebeba namwita mbebaji, kwa sababu hilo ndilo analolifanya.

Wanaohitaji kubebewa ni wengi kuliko tunavyosikia, kwa kuwa jambo lenyewe husemwa kwa kunong'ona. Kuna mwanamke aliyevuja damu nyingi alipojifungua, madaktari wakamtoa kizazi ili asife. Kuna aliyeugua saratani. Kuna mwenye ugonjwa wa moyo ambaye mimba ingemuua. Kuna msichana aliyefikisha miaka kumi na saba bila kuvunja ungo, akapelekwa kupimwa, ikabainika alizaliwa bila mji wa mimba. Hali hiyo humpata takriban msichana mmoja katika kila 5,000. Wengi wa wanawake hawa ovari zao ni nzima. Mayai yapo. Kinachokosekana ni mahali pa kumkuzia mtoto.

Basi mwenye mayai huchomwa sindano za homoni kwa siku kumi hivi, mayai kadhaa yakomae kwa pamoja badala ya moja la kila mwezi. Hutolewa kwa sindano ndefu, daktari akitazama kioo cha ultrasaundi. Maabara huyakutanisha na mbegu za mume, na viinitete vikitunga huachwa vikue siku tatu hadi tano. Mara nyingi hugandishwa ndani ya naitrojeni ya kimiminika, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, vikisubiri mwili wa mbebaji uandaliwe.

Maandalizi hayo hayasimuliwi vya kutosha. Mbebaji humeza vidonge vya kuunenepesha utando wa ndani wa kizazi. Kisha huanza sindano za projesteroni, na projesteroni hiyo huwa imeyeyushwa katika mafuta mazito. Huchomwa takoni kila siku, leo kushoto, kesho kulia, na kwa kuwa mafuta hayatawanyiki upesi, nyama huvimba na kuwa na vinundu. Akikaa kwenye matatu anakaa upande. Akilala anatafuta ubavu usiouma. Hali hiyo huendelea kwa wiki kadhaa baada ya mimba kutunga, mpaka kondo la nyuma lianze kutoa homoni lenyewe.

Siku ya kupandikiza huambiwa anywe maji na asiende haja, kwa sababu kibofu kilichojaa hukinyoosha kizazi na kukifanya kionekane vizuri. Daktari hupitisha mpira mwembamba sana kwenye mlango wa kizazi. Ndani ya mpira huo kuna tone la majimaji, na ndani ya tone kuna kiinitete kisichofikia ukubwa wa punje ya chumvi. Kwenye kioo hakuna mtoto wa kuona, ila nukta nyeupe ya hewa iliyoandamana na lile tone, inayong'aa na kutua. Dakika chache, kazi imekwisha. Mwanamke anaruhusiwa kwenda chooni, kisha anarudi nyumbani kwake na mtoto wa watu wengine ambaye huenda atashika au hatashika.

Njia ya kufika hapo ilikuwa ndefu. Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani ambaye mimba yake ilitungwa maabara, alizaliwa Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978. Yai likishaweza kutungwa nje ya mwili, halilazimiki tena kurudi katika mwili lilikotoka. Ilichukua miaka michache tu. Mwaka 1985 timu ya Daktari Wulf Utian huko Cleveland, Marekani, ilipandikiza kiinitete cha mke na mume katika kizazi cha mwanamke mwingine, kwa sababu mke alikuwa ametolewa cha kwake. Mtoto alizaliwa mwaka 1986 jimboni Michigan, na jaji wa huko akakubali majina ya wenye yai na mbegu yaandikwe kwenye cheti.

Afrika haikuchelewa. Katika mji wa Tzaneen, kaskazini mwa Afrika Kusini, Karen Ferreira-Jorge alikuwa na mtoto mmoja wa kiume alipopoteza kizazi chake. Mama yake, Pat Anthony, mwenye umri wa miaka 48, akajitolea. Viinitete vinne vya bintiye na mkwewe vikapandikizwa kwake, vitatu vikashika, na tarehe 1 Oktoba 1987 akajifungua watoto watatu kwa upasuaji jijini Johannesburg. Dunia nzima ilishangaa kwamba bibi amezaa wajukuu zake. Nikiitazama habari hiyo kwa macho ya mtu wa kwetu, siuoni mshangao huo. Bibi zetu wamelea wajukuu tangu enzi na enzi, wamewabeba mgongoni, wamewalaza vitandani mwao, na wapo walioitwa mama na wajukuu hao mpaka walipokufa. Pat Anthony alianza kubeba mapema zaidi, basi.

Ukitaka kuona jinsi mambo yanavyoweza kuharibika, tazama New Jersey mwaka 1986. Mary Beth Whitehead alikubali kumzalia mtoto William Stern na mkewe kwa dola 10,000, lakini yai lilikuwa lake mwenyewe. Alipojifungua hakuweza kumwachia mtoto. Alimchukua akakimbilia naye Florida. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu ya jimbo ilibatilisha mkataba ule, ikamwachia baba malezi, na mama aliyezaa akabaki na haki ya kumtembelea mwanawe. Kesi hiyo ndiyo iliyowafanya madaktari wengi waachane kabisa na njia ya mbebaji kutoa yai lake. Tangu hapo, kubebewa mimba kunakozungumzwa hospitalini ni kule ambako yai na kizazi ni vya watu wawili tofauti.

Hata hivyo swali la mama halikwisha, liligeuka tu. California ililijibu mwaka 1993 katika kesi ya Anna Johnson na familia ya Calvert. Mahakama ilisema wanawake wawili wote wana ushahidi wa umama, mmoja kwa kuzaa na mwingine kwa damu, na vinapogongana, mama ni yule aliyekusudia tangu mwanzo kumleta mtoto huyo duniani na kumlea awe wake. Uingereza ilifuata njia nyingine: aliyezaa ndiye mama, nukta, na wazazi waliobebewa huomba amri ya mahakama ya kuhamishiwa uzazi. Mbebaji hawezi kutoa ridhaa yake kabla ya wiki sita kupita tangu ajifungue.

Watoto waliozaliwa katikati ya sheria mbili ndio walioumia. Mwaka 2008 mtoto aliyeitwa Manji alizaliwa Anand, jimbo la Gujarat, India. Wazazi waliomtaka walikuwa Wajapani. Walitalikiana kabla hajazaliwa, na mke akajitoa. Mwenye yai alikuwa mtu asiyejulikana. Mbebaji Mhindi alikuwa amemaliza kazi yake. Japani ilisema mama ni aliyezaa, na aliyezaa hakuwa Mjapani. India nayo haikuwa na sheria ya kumpa baba peke yake. Bibi yake, mama wa baba, alisafiri kutoka Japani kuja kukaa naye. Miezi ikapita. Mwishowe alipewa hati ya kusafiria isiyo na jina la mama. Mtoto alikuwa na wanawake watatu ambao kila mmoja angeweza kuitwa mama, na hati yake ikabaki tupu mahali pale.

Afrika Kusini ndiyo iliyonishawishi. Sura ya 19 ya Sheria ya Watoto ya nchi hiyo, iliyoanza kutumika mwaka 2010, inataka makubaliano yaandikwe na yathibitishwe na Mahakama Kuu kabla kiinitete hakijapandikizwa. Kabla. Jaji huangalia nani anataka mtoto na kwa nini, nani atambeba, kama mume au mwenzi wa mbebaji ameridhia, na kama mbebaji tayari ana mtoto wake mwenyewe aliye hai, maana yule ambaye hajawahi kuzaa hawezi kujua anaridhia nini. Ni marufuku kumlipa kwa kubeba. Hurudishiwa gharama na mapato aliyoyakosa. Mtoto akizaliwa, tangu pumzi yake ya kwanza, ni wa wale waliotajwa katika amri. Muuguzi wa Johannesburg akishika kalamu, jibu lina mhuri wa mahakama wa mwaka uliopita.

Wakati huohuo sheria hiyo haikumfanya mbebaji kuwa chombo. Uamuzi wa kutoa mimba, katika mipaka ya sheria za nchi ile, ni wake, si wa waliompa kiinitete. Kama sababu si za kiafya, wanaweza kudai gharama walizolipa, basi. Jambo hili huwaudhi wazazi wengi wanaotafuta mtoto. Mimi naliunga mkono kwa moyo wote. Mwili ukishafanywa mali ya mwenye mkataba, tumetoka kwenye familia tumeingia kwenye jambo ambalo pwani yetu inalijua kwa jina lake la zamani.

Maana kubeba mimba si kumhifadhia mtu mzigo. Utafiti wa Ontario, Kanada, uliochapishwa mwaka 2024, uliangalia uzazi wa tangu 2012 hadi 2021. Matatizo makubwa ya kiafya kwa mzazi, kama kuvuja damu kupita kiasi na kifafa cha mimba, yaliwapata asilimia 7.8 ya wabebaji, wakati waliopata mimba kwa njia ya kawaida ilikuwa asilimia 2.3. Kanada hiyo, yenye hospitali za Kanada. Kisha kuna lile ambalo darubini imelifichua: seli za mtoto hupenya kondo la nyuma na kuingia katika damu ya anayembeba, na zimewahi kukutwa humo zaidi ya miaka ishirini baada ya kujifungua. Hakuna yai lake katika mtoto yule, lakini kitu cha mtoto yule kinaweza kubaki ndani yake mpaka uzee. Anayesema mbebaji hapotezi kitu hajawahi kuambiwa hivyo.

Hapa fedha zinaingia, na hapa ndipo hofu yangu ilipo. India ilipowafungia wageni mwaka 2015, na Thailand mwaka huohuo, wateja hawakuacha kutafuta. Biashara ilihamia nchi ambazo sheria ilikuwa kimya, na Kenya ikawa mojawapo. Mwanamke anayefua nguo za watu kwa kibarua cha siku hawezi kukataa kwa urahisi fedha za kumsomesha mwanawe. Ridhaa yake ni ya kweli, na njaa yake pia ni ya kweli, na mkataba huwa umeandikwa kwa Kiingereza. Nani anamsomea? Akipata kifafa cha mimba wiki ya thelathini, bili ni ya nani? Akitolewa kizazi, yeye naye, nani atambebea? Mbunge Millie Odhiambo amepeleka muswada wa uzazi wa kusaidiwa bungeni Nairobi zaidi ya mara moja, akirudi nao kila ulipokwama. Ninamheshimu kwa ukaidi huo.

Wapo wasomaji wangu ambao dini yao imewapa jibu tayari, na si haki niwapite. Wanazuoni wa baraza la fiqhi la Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu, walipokutana Amman mwaka 1986, waliharamisha njia hii. Hoja yao kubwa ni nasaba, isije ikachanganyika. Papa Francis aliomba mwezi Januari 2024 kwamba ipigwe marufuku duniani kote. Niliokua nao Mombasa wanajua njia nyingine: dada anampa dada yake mtoto amlee. Nyumbani kwetu alikuwapo shangazi aliyepewa hivyo, na mtoto alijua mama zake wote wawili kwa majina, akala kwa mmoja na kulala kwa mwingine, wala jina la baba yake halikubadilishwa. Kwa mtu anayeona hiyo inamtosha, inatosha kweli.

Lakini tusidai kwamba kuzaa kwa niaba ya nyumba ya mwingine ni jambo lililoletwa na maabara. Wakurya wa Tarime wana nyumba ntobhu: mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa mahari, huoa mwanamke kijana, na watoto atakaowazaa ni wa nyumba ya yule aliyetoa ng'ombe. Wanandi nao wana desturi hiyo, na mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa iliitambua katika kesi ya mirathi. Desturi hiyo siiremba. Wapo wasichana walioozwa humo bila kuulizwa. Ninachokiona ndani yake ni mpangilio. Ng'ombe walivuka boma mbele ya wazee, na kila mtu akajua mtoto ni wa nyumba gani, miezi mingi kabla mtoto hajawepo. Wazee hawakungoja kilio cha mtoto ndipo waanze kikao.

Na mtoto mwenyewe? Susan Golombok wa Chuo Kikuu cha Cambridge alizifuatilia familia zilizobebewa mimba tangu watoto wakiwa wachanga mpaka walipotimiza miaka ishirini, na mwaka 2023 akachapisha alichokiona. Vijana hao walikuwa wazima wa akili na moyo kama wenzao. Tofauti iliyojitokeza ilihusu kuambiwa asili yao: walioelezwa mapema, kabla ya kwenda shule au katika madarasa ya mwanzo, walipatana zaidi na mama zao. Siri ndiyo iliyokuwa na gharama.

Kwa hiyo mzazi anayenisoma na ambaye amebebewa, anza kusema mtoto angali mdogo, wakati wa kumwogesha, wakati wa kumsuka. Kiswahili kina maneno ya kutosha na hakuna haja ya daktari. Tumbo la mama liliugua, madaktari wakaliponya lakini likawa haliwezi tena kukaa mtoto. Mama na baba wakakutaka sana. Akatokea mama mmoja, huyu hapa kwenye picha, mwenye kitenge cha bluu, akasema mimi nitambeba mpaka akue. Ukawa unampiga mateke usiku.

Mtoto atatazama picha. Hatauliza juu ya yai wala mahakama. Kwa umri huo atauliza kama mama huyo alikuwa na watoto wake, nao walikuwa wanalala wapi yeye alipokuwa akimpiga mateke.

Uwe na jibu. Uwe unawajua majina.